Mama wa Kiti cha Kushoto

Magari ya Goma yalitengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Huko yalikotoka, watu wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, basi usukani ukawekwa kuume. Yakichoka huko yanaletwa kwetu, sisi tunaoendesha upande wa kuume, na hakuna anayeuliza swali. Kwa hiyo dereva wetu wa taksi anakaa karibu na mtaro. Akiwa nyuma ya lori na anataka kulipita, haoni kitu zaidi ya mlango wa nyuma wa lori lenyewe. Anayeona mbele ni abiria aliyeketi kushoto kwake, awe nani awe nani: mwalimu, muuza nyanya, bibi kizee anayekwenda kilioni. Dereva anamuuliza, "Mama, kuko kitu?" Abiria anachungulia, anajibu "Hakuna, pita," au "Bado." Huyo abiria hana leseni, hajawahi kushika hata baiskeli, lakini roho za wote waliomo ziko mdomoni mwake kwa sababu tu aliwahi kufika kituoni akapewa kiti cha mbele. Na tunaona ni kawaida! Mimi nikilifikiri jambo hili natamani kumpiga mtu makofi, ila sijui nianze na nani.

Jumanne ile kiti cha kushoto kilimwangukia Pascasie, mama wa mtaa wa Katoyi anayeuza karoti na kabichi. Alikuwa anapanda Kanyarucinya kununua mzigo wake, amefunga kichwani kitambaa cha manjano alichonunuliwa na mume wake wakati wa Bonane, sikukuu ya mwaka mpya. Dereva aliitwa Paulin, kijana mpole asiyependa kelele za muziki garini. Baada ya Majengo, pale barabara inapoanza kupanda, walikuta lori la saruji limewatangulia. Lilikuwa linajikokota na kuwatemea moshi usoni.

"Mama, kuko kitu?" Paulin akauliza.

Pascasie akatoa kichwa dirishani. "Bado. Kuko Fuso inashuka."

Fuso ikapita. "Na sasa?"

"Bado. Jeep."

Jeep nayo ikapita. Nyuma watu walikuwa wameanza kuguna. Moshi ulikuwa unaingia ndani kwa sababu madirisha mawili hayafungi, na mtoto wa mtu alikuwa analia.

"Sasa, mama?"

"Bado," Pascasie akasema. "Kuko chukudu."

Gari zima likacheka. Chukudu ni lile gari letu la mbao lisilo na injini, magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa mpira, ambalo mwanamume analipanda kwa goti moja na kushuka nalo kutoka Kibumba akiwa amebeba makaa, viazi, kabichi, mpaka vitanda. Nusu ya chakula cha Goma kinashuka juu ya chukudu. Lakini ndani ya taksi chukudu haihesabiwi. Ukiulizwa kama kuna kitu, umeulizwa habari za magari.

"Chukudu!" akasema bwana mmoja wa nyuma, mwenye koti na mkoba. "Mama anahesabu chukudu! Kesho atahesabu na kuku."

"Tutafika siku ya Noeli," mwanamke mmoja akadakia.

"Mama, chukudu inajitoaka yenyewe," Paulin akasema taratibu. Hata yeye alikuwa amechoka. "Wale wanajua kujitoa."

"Ao bwana yake ni mutu wa chukudu," akasema yule wa mkoba, na watu wakacheka tena, mpaka yule mama aliyekuwa anabembeleza mtoto.

Pascasie alisikia masikio yanawaka moto. Mume wake, Niyitegeka, ni mtu wa chukudu tangu kabla hajamwoa. Chukudu ndiyo iliyomtolea mahari, ndiyo iliyonunua mabati ya nyumba, ndiyo iliyonunua hata kitambaa kile cha manjano. Badala ya kugeuka na kuwajibu, aliona haya, akaomba Mungu wasimtambue. Paulin alipouliza tena, alitoa kichwa akatazama. Chukudu nyingine ilikuwa inashuka, imejaa kabichi, na juu yake mwanamume mwenye kofia ya sufu. Pascasie alimwona vizuri. Na yule mwanamume naye alimwona.

"Hakuna," Pascasie akasema kwa sauti ya juu ili wa nyuma wasikie. "Pita!"

Kweli watu wa chukudu wanajua kujitoa. Yule mwanamume aliinamisha chombo chake kuelekea ukingoni, lakini ukingoni kulikuwa na rundo la mawe ambalo mtu aliyejenga ukuta alilimwaga akalisahau. Hakuwa na pa kwenda. Taksi ilimbana kwenye mawe, kabichi zikatawanyika barabarani, na mwanamume akaanza kulia kwa sauti ambayo Pascasie hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

Watu walitokea kila upande. Wakamkamata Paulin shingoni kabla hajazima injini. Wakati huohuo mlango wa nyuma ulifunguka, na abiria wakashuka mmoja mmoja wakaondoka, wa kwanza yule wa mkoba, anatembea upesi kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni. Pascasie naye alichukua kikapu chake. Aliruka kabichi iliyokuwa imeviringika mpaka miguuni pake, akaingia kichochoro cha mawe meusi, akateremka mpaka Katoyi kwa miguu. Alipofika nyumbani alivua kitambaa, akakikunja, akakisukuma chini ya godoro.

Niyitegeka alirudi jioni, chukudu yake tupu. Aliingia bila salamu, akakaa kwenye kiti kidogo, akatazama mikono yake.

"Kuko kijana mumoja wa Kibumba," akasema. "Havugimana. Hana muda mrefu ku laini yetu. Taksi imemugonga leo pale juu."

"Yoo," Pascasie akasema. Ndilo neno pekee lililotoka.

"Mguu. Muganga anasema ataishi, mguu utapona-pona, lakini chukudu amemaliza. Na bibi yake eko na mimba." Akatema mate nje ya mlango, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. "Dereva tumeshamupeleka ku posti ya roulage, kwa polisi wa barabara. Lakini dereva tunamujua, weye unajua, mutu wa volan ya kuume haone kitu. Dereva anafuata mudomo. Miye ninataka ule mudomo."

Pascasie alikuwa anakoroga ugali, akazidi kukoroga.

"Havugimana alimuona," Niyitegeka akaendelea. "Mama mumoja wa kitambaa cha manjano. Anasema waliangaliana macho kwa macho. Alimuona mutu, akasema pita! Ni mutu wa namna gani?"

"Labda alichanganyikiwa."

"Apana. Macho kwa macho!" Sauti ilimpanda, kisha ikashuka. "Muzee Ntirenganya ameniweka miye nimutafute."

Huyo Muzee Ntirenganya ndiye mwenyekiti wa chama chao cha watu wa chukudu. Akikutoa kwenye laini, hakuna mkulima wa Kibumba atakayekupa mzigo. Alimchagua Niyitegeka kwa kuwa mke wake ni mtu wa soko na anajua wamama wote.

"Kwa hiyo unisaidie," Niyitegeka akasema. "Uliza-uliza kule soko. Kitambaa cha manjano. Alishuka njiani, hata pole hakusema."

"Nitauliza," Pascasie akasema. "Njoo ule."

Alimwekea chakula, akamwekea maji ya kunawa, akakaa pembeni anamtazama anavyotafuna. Niyitegeka alikula kidogo, akasema ugali umeiva sana leo. Ndiyo, ulikuwa umeungua. Pascasie aliomba msamaha wa ugali kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, hata mume wake akamshangaa.

Kesho yake mchana, Pascasie akiwa ndani anachambua karoti zilizobaki, alisikia hodi. Mlangoni alisimama mwanamke kijana amebeba mtoto mgongoni, viatu vyake vimejaa vumbi jeusi.

"Mama, hodi. Niko Charline. Niko bibi ya Paulin, dereva."

"Paulin gani?"

"Mama, tafazali." Charline hakungoja kukaribishwa, aliketi kizingitini kwa uchovu. "Paulin aliniambia, tafuta mama mumoja anauzaka karoti pa Katoyi, karibu na robine ya maji. Amekubebaka mara mingi. Nimeuliza tangu asubui."

Pascasie akachungulia nje, huku na huku, kuona kama jirani anasikia. "Miye sikukuwa ndani ya gari yoyote."

"Sikukuambia kama ulikuwa ndani ya gari," Charline akasema.

Mtoto mgongoni alianza kuhangaika na mama yake akamtikisa-tikisa.

"Sikiliza, mama. Patron, mwenye gari, amefika posti. Unajua alisema nini? Alisema Paulin eko na fujo, alimukataza mara mingi, yeye patron haimuhusu. Akachukua gari yake, akaenda. Na wale waliomukamata wanasema Paulin alipita bila kuangalia. Ijumaa asubui wanamupeleka ku parquet, kwa mwendesha mashitaka, na pale wakimuingiza gereza, miye nitamutoa na nini? Paulin si mutu wa fujo! Anaulizaka. Hata akiwa peke yake na miye ndani ya gari, anauliza. Niliomba afisa aandike kama aliuliza, afisa akacheka, akasema, nani alimusikia?"

"Kulikuwa watu wengi ndani ya ile gari."

"Eeh! Kumbe unajua walikuwa wengi." Charline alicheka bila furaha. "Walikuwa wengi na kila mutu alikuwa na mudomo. Leo midomo yote imeenda wapi? Mama, ninaomba neno moja tu. Useme aliuliza."

Lakini Pascasie hakuwa mjinga. Neno hilo haliendi peke yake. Afisa akishasikia kwamba dereva aliuliza, atataka kujua alijibiwa nini, na nani. Hapo ndipo Niyitegeka atakapokuwa amesimama na wenzake, na Muzee Ntirenganya mbele yao.

"Mwanangu, umekosea nyumba," Pascasie akasema. "Mungu atakusaidia."

Charline akainuka, akajifunga mtoto vizuri. "Paulin alisema utakataa. Alisema nisikukasirikie, juu hata yeye labda angekataa." Akafuta viatu vyake kwenye jiwe la mlangoni, taratibu, kama mtu anayetaka kuingia badala ya kutoka. "Lakini miye si Paulin. Miye nimekasirika, mama. Nimekasirika sana."

Akaondoka. Pascasie alirudi kwenye karoti zake, akagundua kwamba amekuwa akitupa nzima na kuweka mbovu. Alizimwaga zote chini. Alijisikia hasira isiyo na pa kwenda. Alimkasirikia Charline kwa kumpata, alimkasirikia bwana wa mkoba ambaye wakati huo pengine alikuwa ofisini anakunywa chai, alimkasirikia mtu aliyemwaga mawe barabarani, akamkasirikia hata Niyitegeka kwa kuchagua rangi ya manjano wakati duka lilikuwa na ya buluu.

Jioni hiyo Niyitegeka alikuwa uani anatengeneza breki ya chukudu. Breki yenyewe ni kipande cha tairi kuukuu kinachopigiliwa misumari juu ya gurudumu la nyuma, na mtu anakikanyaga kwa mguu. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja ashike mpira na mwingine apige nyundo. Kwa miaka yote ya ndoa yao mshikaji amekuwa Pascasie.

"Leo nimetembea soko muzima," Niyitegeka akasema akiwa na misumari mdomoni. "Mama wa kitambaa cha manjano hapa, mama wa kitambaa cha manjano pale. Wananiangalia sawa mutu mwenye kutafuta bibi wa pili. Vuta kidogo."

Pascasie akavuta mpira. Nyundo ikagonga.

"Mumoja akaniambia, Niyitegeka, si weye ulinunulia bibi yako kitambaa cha namna ile? Nikacheka. Nikamuambia, nusu ya Goma walivinunua Bonane. Vuta."

"Ni miye," Pascasie akasema.

"Vuta, mama."

"Niyitegeka. Ni miye. Niko ule mama."

Nyundo ilibaki hewani. Niyitegeka akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga juu ya ubao wa chukudu.

"Ulimuona?"

"Nilimuona."

"Ulisema nini?"

"Nilisema hakuna."

"Hakuna?"

"Niyitegeka, walikuwa wananicheka! Nilisema bado, bado, bado, wakanicheka. Nilisema kuko chukudu, wakasema nitahesabu na kuku. Mumoja akasema bwana yangu labda ni mutu wa chukudu. Gari muzima wakacheka. Niliona haya." Akauvuta ule mpira bila kuambiwa. "Niliona haya, njo nikasema pita."

Niyitegeka aliishusha nyundo. Jirani alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, na watoto wake walikuwa wanagombana kuhusu ndoo.

"Na kama ingelikuwa miye?" akauliza hatimaye.

"Ningekuona!"

"Na yeye ulimuona."

Pascasie bado alikuwa ameshika ule mpira.

"Tangu jana ninatembea sawa mupumbavu," Niyitegeka akasema. "Ninarudi hapa ninakuelezea, na weye unaniambia njoo ule."

"Bibi ya dereva alikuja leo. Anaomba niseme kama bwana yake aliuliza. Ijumaa wanamupeleka. Nikienda kusema, chama watakufanya nini?"

"Unajua mwenyewe. Watasema Niyitegeka alimuficha bibi yake. Ntirenganya atanitoa ku laini mbele ya wote. Havugimana atajua ni mama wa nyumba yangu njo alimuvunja mguu."

"Basi nisiseme?"

"Sikukuambia usiseme." Akainuka, akamfungua mkono na kuuchukua ule mpira kutoka kwake, bila nguvu. "Sikukuambia useme. Acha nimalize kazi yangu."

Alimaliza peke yake. Alishika mpira kwa goti, akapiga nyundo kwa mkono mmoja, na msumari mmoja ulipinda. Hakumwita.

Alhamisi alfajiri alimwamsha. "Vaa kitambaa chako," akasema. "Tunaenda."

Pascasie aliona kwamba anapelekwa kwa Ntirenganya. Akakitoa kitambaa chini ya godoro, akakifunga. Lakini Niyitegeka hakuelekea kwa mwenyekiti. Alishika njia ya Majengo, kisha barabara kuu, anasukuma chukudu tupu na mke wake anamfuata. Walipita posti ya roulage, na Pascasie akageuza uso. Walipita lile rundo la mawe. Lilikuwa bado pale pale, na hakuna aliyeondoa hata jiwe moja. Walipanda mpaka mashambani, mahali wakulima wanapongoja na mizigo, na huko Niyitegeka alipakia magunia ya kabichi akayafunga kwa kamba. Mbele, juu ya magunia, aliacha nafasi.

"Panda."

"Wapi?"

"Pale. Angalia barabara."

"Niyitegeka, nitaanguka."

"Shika kamba."

Miaka yote hiyo Pascasie hakuwahi kushuka mlima juu ya chukudu. Alikuwa ameishika, ameiosha, ameikalia uani akichambua maharage. Sasa Niyitegeka aliweka goti kwenye ubao, akasukuma kwa mguu mwingine, na dunia ikaanza kukimbia. Upepo ulimtoa machozi. Magurudumu yalikuwa yanalia chini yake, na kila shimo lilimpanda mpaka kwenye meno.

Lori la kwanza lilikuwa linapanda, mzigo umefunikwa turubai. Nyuma yake taksi ilikuwa inachungulia, inarudi, inachungulia tena. Kwenye kiti cha kushoto alikaa kijana anayetazama simu yake. Aliinua macho mara moja, akasema neno, akarudi kwenye simu. Taksi ikatoka ikawajia. Niyitegeka akainama, chukudu ikashuka kwenye kokoto za ukingoni, ikatikisika kama itapasuka, ikapanda tena kwenye lami. Kabichi moja ikaruka. Pascasie alikuwa amepiga kelele na hakujua kwamba amepiga.

"Shika kamba," Niyitegeka akasema nyuma yake, kwa sauti ya kila siku.

Waliteremka tena. Lori lingine, taksi nyingine. Safari hii kiti cha kushoto kilikuwa na mama wa makamo, rozari shingoni, mama kama yeye. Alitoa kichwa nje dirishani na kutazama mbele. Akamwona Pascasie, macho kwa macho, kitambaa cha manjano na yote. Kisha Pascasie akauona mdomo wake unafunguka. Hakuhitaji kusikia.

"Unaniona!" Pascasie akalia. "Mama, unaniona! Niko hapa!"

Taksi ilitoka vilevile. Niyitegeka alikanyaga breki kwa nguvu zote, ile breki aliyoipigilia peke yake, mpira ukanuka kuungua, wakaingia mtaroni nusu na wakatoka. Dereva alipowapita alitoa mkono nje akawatukana, akawaambia watoke barabarani. Yule mama wa rozari alikuwa ameshageuza uso.

Pale chini, barabara inapolala, Niyitegeka alisimamisha chukudu. Pascasie alishuka, akakaa juu ya jiwe. Kitambaa kilikuwa kimemdondokea mabegani. Niyitegeka alizunguka, akakaza kamba, akatazama gurudumu.

"Ni hivi kila siku?" Pascasie akauliza.

"Leo ilikuwa muzuri. Hakuna mvua."

"Juu ya nini hukuniambiaka?"

"Ningekuambia nini? Nilizani unajua. Uko bibi ya mutu wa chukudu."

Alilia. Alilia kwa hasira, siyo kwa huruma ya nafsi yake. Wapita njia walimtazama na hakujali. Niyitegeka alisimama pembeni, hakumgusa, lakini hakuondoka. Pascasie alipomaliza, alijifuta uso kwa kile kitambaa cha manjano, akakifunga upya kichwani, akakaza fundo.

"Geuza," akasema.

"Nigeuze nini?"

"Chukudu. Turudi ku posti. Paulin aliuliza. Aliuliza mara mingi, na miye njo nilimujibu. Nataka afisa aandike, akikataa nitakaa pale mpaka aandike. Halafu tutapita kwa Havugimana."

"Pascasie, tumebeba mzigo. Watu wa soko wanangoja. Tushushe kwanza."

"Wangoje. Nikifika nyumba nitaogopa tena."

Niyitegeka akakuna kichwa. "Pale posti utakuta na Muzee Ntirenganya. Anaendaka kila asubui kufuata ile maneno."

"Basi atasikia pamoja na afisa. Nitamuambia hukujua. Nitamuambia ulinitafuta kweli, na soko muzima ni mashahidi." Akasita. "Kama unaogopa, bakia hapa na mzigo. Nitaenda peke yangu."

Niyitegeka alimtazama, akatazama kabichi, akatazama barabara ndefu inayopanda. "Kule ni mulima," akasema. "Na kabichi hizi zote. Haujawahi kusukuma."

"Nitasukuma."

Niyitegeka akashika mishikio, akaigeuza chukudu ielekee juu. Pascasie akaweka mikono yote miwili kwenye gunia la nyuma, akainamisha kichwa, akasukuma. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Hatua chache tu na mgongo ulianza kumuuma. Kwa kuwa kule ukingoni kokoto zingewazuia, walipanda juu ya lami, polepole, na haikuchukua muda taksi ikafika nyuma yao na kuanza kupiga honi. Ikapiga tena kwa muda mrefu. Watu ndani yake walianza kupaza sauti.

"Tujitoe?" Niyitegeka akauliza bila kugeuka.

"Apana," Pascasie akasema, na akaongeza nguvu. "Wangoje."